Nilivyonusuru vitunguu na liki zangu dhidi ya thiripi

Nina matuta manne nyuma ya nyumba hapa Kihesa, Iringa: matatu ya vitunguu maji, moja la liki, mboga ya jamii ya kitunguu. Msimu wangu wa kwanza, ilipofika Septemba na joto kuanza kupanda, majani yakaingia mabaka meupe yenye mng'ao wa fedha, kisha ncha zikakauka na kujikunja. Nikadhani ni kiu. Nikaongeza maji kwenye mifereji, nikatia na urea. Majani yakawa laini zaidi, na mabaka nayo yakazidi. Nilivuna vitunguu vya ukubwa wa ndimu, havikujaza hata ndoo ya lita 20. Iliniuma sana, maana miche niliilea mwenyewe kitaluni wiki saba.

Aliyenifumbua macho ni jirani yangu, mama mtu mzima aliyelima vitunguu Ruaha Mbuyuni miaka mingi. Nilimpa shikamoo, nikamwomba apite aone zile liki zilizobaki. Aling'oa moja, akayatanua majani ya katikati pale yanapokutana, akaikung'uta juu ya kiganja. Vikaanza kutembea vijidudu vya manjano, vyembamba kama nyuzi, havifiki hata milimita mbili.

"Mwanangu, hawa ndio thiripi. Wewe unanywesha mizizi, wenyewe wamelala shingoni."

Hapo nikaelewa kwa nini dawa niliyonunua dukani nikaipiga mara tatu haikusaidia. Thiripi hutaga mayai ndani ya jani lenyewe, watoto hujibana kwenye shingo, na wakikaribia kukomaa hushuka udongoni kujigeuza. Tena jani la kitunguu limesimama wima na lina nta. Dawa huteleza kama maji kwenye jani la gimbi. Walioathirika zaidi naamini ni buibui waliokuwa wakinisaidia, kwani baada ya kupiga sikuwaona tena.

Msimu uliofuata nilianza na usafi. Vitunguu vibovu nilivyovitupa pembeni mwa bustani vilikuwa vimechipua, na vilijaa thiripi tayari wakisubiri miche mipya. Nikaving'oa vyote nikavifukia mbali. Liki nikazihamishia upande wa pili wa nyumba, kwa sababu hukaa ardhini muda mrefu: vitunguu vikianza kukauka, thiripi huhamia kwenye liki. Juu ya matuta nikatandaza mabua ya mpunga kutoka Pawaga.

Maji ndiyo yaliyoleta tofauti kubwa kuliko vyote. Niliacha mifereji, nikaanza kumwagilia kwa juu kwa keni, nikielekeza maji shingoni yawaoshe. Nafanya hivyo asubuhi tu, ili majani yakauke mapema. Jioni nisingethubutu kumwagilia hivyo, kwani jani likilala na unyevu hukaribisha baka zambarau, ugonjwa wa ukungu wa majani, na jani lililokwaruzwa na thiripi hushikwa upesi.

Dawa yangu sasa ni mbegu za mwarobaini, ambazo mdogo wangu huniletea kutoka Dodoma. Natwanga gramu 50 kwa kila lita ya maji, naloweka usiku kucha, nachuja kwa kitambaa, kisha nakwangulia humo sabuni ya mche kidogo ili dawa ishike kwenye ile nta. Napiga jua likishazama, kwa sababu mwanga wa jua huiharibu upesi, nikiingiza mdomo wa bomba katikati ya majani. Baada ya siku tano au sita narudia, halafu tena mara ya tatu. Mayai yaliyo ndani ya jani hayaguswi, kwa hiyo ni lazima uwasubiri wanaoanguliwa. Wengi wanaoniambia mwarobaini haufanyi kazi walipiga mara moja tu.

Karoti nilizopanda kati ya mistari sina hakika zimesaidia kiasi gani, ila tumezila.

Liki zinataka subira zaidi. Jani lake ni bapa na limekunjwa, maficho ni mengi, na ukipandishia udongo ovyo unaufukia mlango ambao dawa ingepita. Mimi napandishia kidogo kidogo, udongo ukikomea chini ya pale majani yanapogawanyika.

Mwaka jana nimevuna ndoo tano za vitunguu kwenye matuta yaleyale. Tangu Agosti kila Jumamosi nilikuwa nakung'uta mashina kumi juu ya karatasi nyeupe, na nilipoona zaidi ya wachache kwa kila shina, jioni hiyohiyo niliwasha moto wa kumulikia na kutwanga mbegu.