Kazi, Likizo na Mazoezi: Ninavyopanga Wiki za Kujenga na Wiki za Kulinda

Nikishajua tarehe za likizo ya mwaka, huchukua kalenda na kuzigawa wiki zote mafungu mawili: wiki za kujenga uwezo wa mwili na wiki za kulinda uwezo uliopo. Wiki ya kujenga ni ile ambayo kazi inatabirika, ninalala nyumbani na hakuna safari. Zinazobaki zote ni za kulinda: wiki ya kufunga hesabu, ya wakaguzi, ya kukabidhi kazi kabla ya likizo, likizo yenyewe, na wiki ya kwanza baada ya kurudi. Kwa mwajiriwa wa kawaida hizi za kulinda ni nyingi kuliko inavyodhaniwa. Anayetaka kujenga wiki zote 52 huacha mazoezi kabisa kila kazi inapomzidi, kisha anaanza upya kutoka chini.

Mgawanyo huu unafaa kwa sababu mwili hudai kazi nyingi kupata uwezo, lakini hudai kidogo kuutunza. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980 mtafiti wa Marekani Robert Hickson na wenzake waliwafanyisha watu mazoezi makali ya baiskeli na mbio, dakika 40 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 10. Baada ya hapo wakawapunguzia kwa wiki 15. Waliopunguziwa siku hadi 2 kwa wiki hawakupoteza uwezo wao wa kutumia oksijeni, ambao mimi nauita pumzi. Waliopunguziwa muda hadi dakika 13 nao waliutunza, ingawa stamina ya kazi ndefu ilishuka kiasi. Walioshuka kweli ni wale waliobaki na siku zote na dakika zote, lakini wakapunguziwa ukali.

Hapo ndipo wengi hukosea kazi ikiwabana. Hukata ukali na kubakiza muda: dakika 40 za kukimbia polepole, roho itulie kwamba leo kitu kimefanyika. Mbio za taratibu zina faida zake, hutuliza kichwa na husaidia usingizi, nami siziachi. Ila sizihesabu kuwa zimelinda pumzi.

Kipindi changu cha kulinda pumzi huchukua dakika 30 na hufanyika mara 2 kwa wiki. Ninapasha mwili dakika 8, nikianza kwa kutembea haraka na kumalizia kwa mbio nyepesi. Kisha vipande 4 vya mbio kali, kila kimoja dakika 3, na kati ya kipande na kipande dakika 2 za kutembea. Dakika 4 za mwisho ni za kupoza. Katika kipande, ukali ni ule unaoniruhusu kutamka maneno mawili matatu tu kabla ya kuvuta pumzi. Nikiweza kusema sentensi nzima, sijafika. Nikishindwa kumaliza kipande cha nne kwa kasi ya cha kwanza, nilianza kwa pupa. Kosa hili la pili ndilo la kawaida zaidi, na dawa yake ni kukimbia kipande cha kwanza kana kwamba kuna vipande 6.

Kwa nguvu, wiki ya kulinda ina kipindi kimoja. Uzito haupungui, seti ndizo zinazopungua. Kama wiki ya kujenga nina seti 4 za skwati (kuchuchumaa na kuinuka na uzito) kwa marudio 8, wiki ya kulinda nafanya seti 1 au 2 kwa uzito uleule na marudio yaleyale. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa vijana walitunza nguvu na unene wa misuli kwa moja ya tisa tu ya kazi waliyofanya wakati wa kujenga. Wenye umri wa miaka 60 na zaidi walibaki na sehemu kubwa ya nguvu zao, lakini unene wa misuli haukushikilia hivyohivyo. Kwa hiyo mtu wa umri huo asiteremke hadi seti moja kwa muda mrefu. Vipindi 2 kwa wiki ni salama zaidi kwake, na ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyopendekeza kwa watu wazima wote, juu ya dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani.

Kujua kama wiki imekuwa nyepesi au nzito situmii saa ya kisasa, natumia daftari. Baada ya kila kipindi nasubiri nusu saa, kisha nakipa alama ya ugumu kutoka 0 hadi 10 na kuizidisha kwa dakika. Njia hii ilienezwa na mtafiti wa mazoezi Carl Foster, na ni rahisi kiasi kwamba haina kisingizio. Chukua wiki ya kujenga: mbio nyepesi dakika 45 kwa alama 4 ni 180, vyuma dakika 50 kwa alama 7 ni 350, vipande vikali dakika 30 kwa alama 7 ni 210, mbio ndefu dakika 80 kwa alama 4 ni 320. Jumla ni 1,060 katika dakika 205. Wiki ya kulinda: vipande vikali mara mbili ni 420, vyuma dakika 20 kwa alama 7 ni 140. Jumla 560 katika dakika 80. Mzigo unashuka kwa karibu nusu, muda unashuka kwa zaidi ya nusu, na kilichokatwa ni mbio za taratibu pamoja na seti za ziada, vitu ambavyo mwili hausahau upesi.

Daftari lina faida nyingine. Kipindi kilekile, kwa kasi ileile, kikitoka alama 6 hadi 8, aghalabu si mazoezi yaliyobadilika, ni usingizi au kazi. Nikiona hivyo mara mbili mfululizo, naigeuza wiki kuwa ya kulinda hata kama kalenda ilisema kujenga. Mapigo ya moyo ya asubuhi kabla ya kutoka kitandani husaidia pia: yakipanda 7 au 8 kwa dakika juu ya kawaida kwa siku kadhaa, kuna jambo. Homa ikiwepo hakuna mjadala, nalala.

Kuhusu saa ya kufanya mazoezi, kanuni yangu ni kuchagua muda ambao hakuna mwingine anayeudai. Kwa mwenye kazi ya ofisini huo ni alfajiri, kabla simu haijawashwa. Vipindi vya jioni huliwa na vikao vinavyorefuka. Mwenye zamu ya usiku afanye baada ya kulala na kabla ya kuingia kazini, kamwe si anapotoka zamu, kwa sababu mwili uliokesha huona kila kitu kuwa kigumu na misuli haipati usingizi wa kujijenga.

Wiki ya mwisho kabla ya likizo ndiyo inayoharibu likizo nyingi. Mtu anachelewa kazini kumaliza viporo, na papo hapo anaongeza mazoezi ili "kulipia" siku atakazopumzika. Mizigo miwili juu ya usingizi mfupi. Mimi naweka wiki nzito kidogo wiki ya tatu na ya pili kabla ya kuondoka, nikiongeza kama sehemu moja ya kumi tu ya jumla ya kawaida, kisha wiki ya mwisho naingia katika kulinda. Upande wa kazi, maelezo ya kukabidhi yanakuwa tayari siku 5 kabla, ili anayepokea awe na nafasi ya kuuliza nikiwa bado nipo. Na asubuhi ya siku ya kurudi naifunga kwenye kalenda ya ofisi mapema: hakuna kikao kabla ya saa tano. Kikao kikiwekwa saa mbili siku hiyo, kipindi cha asubuhi kinakufa, na wiki yote inafuata.

Urefu wa likizo ndio unaoamua kama nifanye mazoezi huko au nisifanye. Mkataba namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1970 unaweka likizo ya chini kuwa wiki 3 za kazi kwa mwaka, na ikigawanywa, fungu moja liwe angalau wiki 2 mfululizo, isipokuwa pande mbili zikikubaliana vingine. Wiki 2 ni kipimo kizuri hata kwa pumzi. Mtu akiacha kabisa, kinachopungua kwanza ni maji ya damu, ndani ya siku chache hadi wiki 2, na moyo hulazimika kupiga mara nyingi zaidi kwa kazi ileile. Katika utafiti mmoja wa mwaka 1984, wanamichezo waliozoea mazoezi walipoteza takriban asilimia 7 ya uwezo wa kutumia oksijeni katika wiki 3 za mwanzo. Nguvu ya misuli husubiri zaidi, wiki 3 au 4 bila kushuka kwa kiasi cha kusumbua.

Kwa hiyo likizo ya wiki moja sipangi kipindi chochote, wala sibebi hatia yake. Ya wiki 2 naweka vipindi 2 jumla, kimoja kikiwa katikati. Ya wiki 3 natumia wiki ya kulinda kama ilivyo. Kipindi cha likizo nakimaliza kabla wengine hawajaamka, na nimekitaja tangu kabla ya safari. Kikitangazwa palepale wakati watu wameshavaa, kinakuwa ugomvi.

Ngazi zinatosha kwa pumzi. Napanda kwa nguvu sekunde 60 hadi 90, nateremka kwa kutembea, mara 6 hadi 8. Kuteremka kwa kukimbia sifanyi, kwa sababu misuli ya paja inapobeba uzito huku inarefuka ndipo inapopata maumivu ya siku ya pili. Kwa nguvu nachukua mkanda wa mpira: pushapu miguu ikiwa juu ya kiti, skwati ya mguu mmoja na wa nyuma ukiwa juu ya kiti, na kuvuta mkanda ulionaswa mlangoni. Seti 3 kila moja, nikishuka kwa sekunde 4 na kuacha yakiwa yamebaki marudio 2 ambayo ningeyaweza. Mlango ufungwe kwa ufunguo, na usimame upande ambao ukivuta, mlango unazidi kujifunga. Ukisimama upande wa pili, kitasa kikiachia mlango unakuja usoni. Mpira uliokaa juani huanza nyufa ndogo karibu na mishikio, ukiziona, utupe.

Adui mkubwa wa likizo ni kutembea. Aliyezoea hatua 4,000 kwa siku ya ofisi anashtukia ametembea 18,000 siku ya kwanza, tena kwa sandali bapa. Kisigino na shavu la mguu hulalamika siku ya tatu, na maumivu ya kisigino yanaweza kudumu miezi. Nasafiri nikiwa nimevaa viatu vya mazoezi, na siku 2 za mwanzo sizidishi mara mbili ya kawaida yangu. Likizo ikiwa ya kupanda milima, inageuka kuwa zoezi lenyewe na inatakiwa kuandaliwa wiki 6 hadi 8. Katika maandalizi hayo nisingekosa kipindi kimoja cha kuteremka mteremko, wiki 1 au 2 kabla ya safari: kipindi hicho hukinga misuli kwa wiki kadhaa zinazofuata. Juu ya mita 2,500, siku 2 za kwanza ni za mwendo wa taratibu, na mwenye kichwa kinachouma pamoja na kichefuchefu hapandi zaidi. Joto geni nalo hutaka wiki 1 hadi 2 kuzoeleka. Nakata nusu ya muda siku 4 za mwanzo. Safari ya ndege inayozidi saa 4, nainuka na kutembea mara kwa mara, na siku ya kufika sifanyi kitu kikali.

Majeraha mengi huja baada ya kurudi, kwa sababu kichwa kinakumbuka uzito wa zamani na misuli imeshazoea kupumzika. Baada ya wiki 2 bila vyuma, kipindi cha kwanza ni asilimia 80 ya uzito, seti 1 au 2, basi. Maumivu hufikia kilele kati ya saa 24 na 72, kwa hiyo wepesi wa siku inayofuata si ruhusa. Nasubiri siku ya tatu ndipo niongeze. Atakayerudi na mamia ya skwati ili kufidia anaweza kuvunja misuli kiasi cha kuumiza figo. Misuli ikivimba sana na mkojo ukawa kahawia iliyokolea, ni hospitali siku hiyohiyo, si kunywa maji na kungoja. Mbio za wiki ya kwanza zote ni za kasi ya kuzungumza, hata kama saa inaonyesha mwendo wa aibu. Maji ya damu hurudi haraka, na vipande vikali vinaanza wiki ya pili.

Zipo pia likizo za siku moja moja zinazoungana na mwisho wa wiki. Hizi siziweki kwenye fungu la kulinda. Siku 3 au 4 za mapumziko ni nafasi ya kufanya ile mbio ndefu ya dakika 80 siku ya kwanza asubuhi na kulala vizuri usiku unaofuata, kisha siku zilizobaki zikaenda zilivyotaka. Nikiiweka siku ya mwisho, narudi kazini na miguu iliyochoka, na kipindi cha katikati ya wiki ndicho kinacholipa.