Kukitia sauti kichwa cha mvuke

Mtu akiniuliza aanzie wapi kukitia sauti kichwa kidogo cha treni ya mvuke, yaani cha mfano, namwambia aanze na kiboksi cha spika. Wengi huweka hela yote kwenye dekoda, kile kidude cha elektroniki kinachoendesha mota na kutoa sauti, halafu spika wanaibandika popote penye nafasi. Hapo pesa imepotea.

Kichwa changu ni cha kipimo cha OO, yaani 1 kwa 76, na reli zake zina upana wa milimita 16.5. Nimekipaka rangi ya damu ya mzee ya reli ya Afrika Mashariki. Mota na uzito vimejaza tumbo lote, kwa hiyo vifaa vya sauti vimekaa kwenye tenda, lile behewa dogo la maji na mafuta linalofuata nyuma. Dekoda niliagiza Uingereza. Spika nimeipata hapahapa Mwanjelwa kwa fundi simu, imetoka kwenye simu iliyokufa: ohm 8, na dekoda inaikubali.

Spika hiyo ikiwa wazi inalia kama nyigu ndani ya chupa. Hewa inayosukumwa mbele inakutana na ile ya nyuma, zinafutana, na sauti nzito ndiyo inayopotea kwanza. Kwa hiyo nilikata plastiki ngumu, nikaunda kiboksi na kuziba kila upenyo kwa gundi. Chini ya tenda nikatoboa matundu ili sauti itoke kuelekea relini.

Waya zina rangi zake: nyekundu na nyeusi zinatoka kwenye reli, chungwa na kijivu zinakwenda kwenye mota. Kabla ya kulehemu, pima kwa mita kwamba mota haigusani kabisa na chasisi, la sivyo dekoda inaungua. Nimeongeza na kapasita ya kutunza umeme kidogo, maana kiangazi cha Mbeya kina vumbi, na gurudumu likikosa umeme hata kidogo sauti inakatika.

Sasa mipumuo, ile sauti ya mvuke ukitoka kwenye silinda. Kichwa chenye silinda mbili kinapumua mara nne kwa kila mzunguko wa gurudumu kubwa, kwa sababu mvuke unasukuma pistoni pande zote mbili. Nilitia alama ya chaki kwenye gurudumu, nikarekodi kwa simu kwa mwendo wa polepole, nikarekebisha dekoda mpaka hesabu ikakaa.

Nilidhani kazi imeisha. Jirani yangu mmoja, mzee aliyeanza kazi Tabora enzi za mvuke kabla ya kuhamia TAZARA, akasikiliza huku ameinamisha kichwa.

“Mwanangu, hii inalia vilevile muda wote. Mashine yenye mzigo hailii hivyo.”

Akanieleza. Dereva anapoondoka stesheni anaruhusu mvuke uingie karibu safari nzima ya pistoni, kwa hiyo unatoka ukiwa bado na nguvu na mpumuo ni mzito. Mwendo ukikolea anarudisha wenzo. Mvuke unaingia kidogo, unajitanua ndani ya silinda, na mpumuo unakuwa mwepesi, mkavu. Kwenye mteremko anafunga mvuke, unabaki mlio wa vyuma tu. Haya yote dekoda nzuri inayaweza, kwa kuwa inapima mzigo kupitia umeme ambao mota yenyewe inauzalisha ikizunguka. Nikaongeza muda wa kukolea na wa kupungua mwendo, CV3 na CV4 kwenye mipangilio ya dekoda, nikafungulia badiliko la sauti kwa mzigo. Mabehewa yakifungwa nyuma, sasa unaisikia kazi.

Sauti ya koleo la makaa nimeizima. Vichwa hivyo vilichoma mafuta, na mzee asingenisamehe.

Ninachokitamani sasa ni Garratt ya daraja la 59, kichwa kikubwa cha mvuke cha reli hiyohiyo ya Afrika Mashariki. Beyer Peacock wa Manchester waliunda 34 kuanzia 1955, kila kimoja kilipewa jina la mlima, na kimoja kiliitwa Mlima Rungwe. Sisi tuliokulia na dizeli za TAZARA tunauona Rungwe kila siku, lakini wangapi tunajua kwamba ulikuwa pia jina la treni? Garratt ina injini mbili, moja mbele na moja nyuma, zinazolishwa na boila moja, kwa hiyo ni mipumuo minane, na kwa kuwa magurudumu ya mbele na ya nyuma hayajafungwa pamoja, mipumuo hiyo inakutana, inaachana, inakutana tena. Itahitaji dekoda yenye njia mbili za mipumuo. Kwa spika sina wasiwasi: tangi la maji la mbele lina nafasi ya kiboksi kikubwa kuliko hiki, na la nyuma litachukua cha pili.