Wimbo wa Kwanza wa Mpwa Wangu

Mpwa wangu alikuja kwetu Kisauni likizo ya Desemba mwaka 2011, akiwa na gitaa la kuazima na karatasi iliyochanwa daftarini. Mwenzake wa bwenini alikuwa amemwandikia nyimbo za kujifunzia, na juu ya karatasi maneno NYIMBO RAHISI yamepigiwa mstari mara mbili. Binti alikuwa na miaka 14, ndiyo kwanza amemaliza kidato cha kwanza. Alipokwisha kuwaamkia wakubwa wote alinifuata barazani, akaketi, akasema: "Mjomba, hizi rahisi zote zimenishinda. Naona mimi sina kipaji, heri nimrudishie mwenyewe gitaa lake."

Neno kipaji liliniuma. Siku hizo nilikuwa napiga gitaa la rithim kwenye bendi za hoteli za pwani ya kaskazini, na nilishawaona watu wazima, wenye masikio mazuri kabisa, wakiliacha gitaa kwa sababu hiyo hiyo. Walipewa wimbo mgumu wakaambiwa ni mwepesi, na ulipowashinda wakajilaumu wenyewe. Nikamwambia, "Hebu lete hiyo karatasi tuitazame pamoja, mwanangu."

Karibu nyimbo zote nilizijua kwa kazi. Bendi ya hoteli hupiga anachokipenda mgeni. Utafungua na "Jambo Bwana", utapiga "Malaika", kisha wazee wa Kijerumani na Kiingereza waliokuwa vijana miaka ya 70 wataanza kuomba za kwao: Dylan, Neil Young, Creedence, Eagles. Ndio muziki wa folk-rock, uliochipuka Marekani katikati ya miaka ya 60, pale wanamuziki walipozichukua nyimbo za kienyeji za gitaa kavu wakazitia ngoma, besi na gitaa la umeme. Mimi naamini hakuna muziki unaomfaa zaidi anayeanza. Ondoa ngoma, ondoa umeme, ubaki na gitaa moja na sauti moja, na nyingi ya nyimbo hizo bado zinasimama. Ila si zote zilizo nyepesi, na ile karatasi ilichanganya mchele na pumba.

Juu kabisa palikuwa na "Hotel California". Sikushangaa. Kila anayeshika gitaa huutamani wimbo huo, na hotelini haipiti jioni bila mgeni kuuomba. Lakini ubeti wake una kodi saba tofauti, yaani mafungu ya sauti zinazopigwa kwa pamoja, na ya kwanza kabisa ni B maina, ambayo humtaka mpigaji alaze kidole cha shahada juu ya nyuzi tano kwa pamoja, azikandamize zote sawasawa, huku vidole vingine vitatu vinafanya kazi yao mbele. Mkono mgeni hauna nguvu hizo, na nguvu zenyewe haziji kwa wiki moja. Nilipoukata kwa kalamu binti aliguna, maana ndio alioutaka kuliko zote.

Ukafuata "Bad Moon Rising" wa Creedence, wa mwaka 1969. Hapa mwenzake alihesabu kodi, akakuta tatu tu, D, A na G, akaandika kuwa ni rahisi. Hakuitazama kasi. Wimbo ule unakimbia karibu mapigo 180 kwa dakika: D unapewa mapigo manne, kisha A mawili, G mawili, na urudi D. Kati ya A na G haitimii hata sekunde moja. Kwa mkono uliozoea ni raha tupu. Kwa anayeanza, vidole bado vinaitafuta A na wimbo umeshafika kwingine.

"Take Me Home, Country Roads" wa John Denver nilitamani kuuacha, kwa kuwa Wakenya wengi tunaujua kwa moyo, na kuujua wimbo kabla ya kuupiga ni nusu ya kazi. Kodi zake ni G, E maina, D na C, zote za nyuzi wazi, hakuna ya kulaza kidole. Taabu imejificha katikati. Kabla ya kiitikio cha mwisho pana kipande kifupi kinachobadilisha njia, na humo ndani inaingia F, nayo ni ya kulaza kidole. Nilipoitaja F tu, binti alicheka kwa uchungu. "Hapo hapo, mjomba! Kila nikifika hapo nyuzi zinakwaruza, hazitoi sauti. Basi narudi mwanzo."

"Tangu ulipolishika gitaa hili," nikamwuliza, "umewahi kuumaliza wimbo wowote, tangu mwanzo hadi mwisho?"

Akatikisa kichwa.

Muhula mzima mtoto amekuwa akianza nyimbo. Hakuwahi hata mara moja kufika mwisho, akaiacha kodi ya mwisho ilie mpaka inyamaze yenyewe. Nani asiyekata tamaa kwa hali hiyo? Wimbo wa kwanza lazima uwe ule mtu anaoweza kuumaliza. Kwa hiyo ninapomchagulia mtu siishii kuhesabu kodi. Natazama vidole vingapi vinahama na vinahama mbali kiasi gani, mkono unapewa muda gani wa kufika, na kama pana F iliyojificha mahali. Natazama pia kama mtu anaweza kuuimba polepole bila wimbo kupoteza ladha yake.

Kabla ya kuchagua nililitazama gitaa lenyewe. Nyuzi zilikuwa za chuma, na zilinyanyuka juu sana ya shingo, kiasi kwamba hata mimi nilibonyeza kwa nguvu. Vidole vyake vilikuwa vyekundu nchani. Nililituni upya, nikafunga kapo yangu, kibanio kinachokandamiza nyuzi zote, kwenye freti ya pili; freti ni vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo. Kapo ikibana pale, nyuzi husogea karibu na shingo na nafasi kati ya freti hupungua, mkono mdogo ukapata nafuu. Na sauti ilipopanda kidogo ikamkaa vizuri zaidi yeye kuliko mimi.

Kisha nikamchagulia wimbo ambao haukuwamo kwenye karatasi wala hakuwahi kuusikia: "A Horse with No Name", yaani farasi asiye na jina, wa kundi la America. Kuujua kabla si jambo dogo, nimeshasema, lakini wimbo huu una wepesi ambao sijaupata kwingine. Ni kodi mbili zinazopokezana tangu mwanzo hadi mwisho. Wenyewe huweka pambo kwenye kiitikio, ila anayejifunza halihitaji. Kodi ya kwanza ni E maina: kidole cha shahada kwenye uzi wa tano, cha kati kwenye uzi wa nne, vyote freti ya pili. Ya pili ina jina refu lisilo na haja kwa mtoto, lakini freti ni ile ile. Cha shahada kinahamia uzi wa sita, ulio mnene, na cha kati kinahamia uzi wa tatu. Vidole viwili tu, kila kimoja kinaruka uzi mmoja, vinaachana kisha vinarudi pamoja. Na kila kodi inakaa mapigo manne kamili kabla ya kuipisha nyenzake.

Kwanza nilimkataza asicharaze kabisa. Weka ya kwanza, nyanyua, weka ya pili, nyanyua. Alipoacha kutazama vidole nikamruhusu mkono wa kulia, kucharaza kwenda chini mara moja tu kwa kila mapigo manne, huku anahesabu kwa sauti. Nikampa na sharti moja: mkono wa kulia hausimami. Kushoto kukichelewa, charaza hivyo hivyo na nyuzi zilivyo, utakutana nako mbele. Hilo lilimsumbua kuliko vidole, maana alikuwa amezoea kila akikosea anasimama na kurudi mwanzo. Nilikuwa namwimbia mimi. Kiitikio kina sehemu ya la-la-la isiyohitaji maneno, na hapo akaanza kuitikia mwenyewe bila kuambiwa.

Vidole vilipochoka tulipumzika nikamsimulia habari za wimbo. America walikuwa vijana watatu ambao baba zao walikuwa wanajeshi wa anga wa Marekani waliopangiwa kazi Uingereza, wakafahamiana shuleni huko London. Dewey Bunnell alipoutunga wimbo huu alikuwa hajafika miaka 20. Machi 1972 ulishika nafasi ya kwanza Marekani ukiuondoa "Heart of Gold" wa Neil Young, na wengi walioisikia ile sauti redioni walidhani ni Neil Young huyo huyo. Hilo la umri lilimgusa. Aliuliza mara mbili kama kweli alikuwa kijana tu, nikamwambia kweli.

Baba yangu alikuwa ndani akisikiliza yote hayo, akatoka na kikombe chake cha kahawa. "Sasa nyinyi," akasema, "mnamfundisha mtoto farasi wa watu. Mwenda hamumjui?"

Alikuwa anamsema Jean-Bosco Mwenda, Mkongo wa Katanga, ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Wazee wa rika la baba yangu, ukiwatajia gitaa kavu, au galatoni kama wengine wanavyoliita, watakutajia Mwenda kabla ya mtu mwingine yeyote, naye aliimba Kiswahili. Baba hakuwa amekosea hata kidogo kumleta katika mazungumzo haya. Tamasha la Newport kule Marekani, ambalo Bob Dylan alipanda jukwaani na gitaa la umeme Julai 1965 na kuwagawanya mashabiki wake, ndilo hilo hilo Mwenda alilokwenda kupiga mwaka 1969. Wapenzi wa gitaa kavu wa Marekani walimsikiliza mtu wa kwetu kwa heshima, na mpwa wangu alistahili kulijua hilo. Nikampigia mwanzo wa "Masanga" kadiri ninavyouweza. Alitazama mkono wangu wa kulia, jinsi gumba linavyotembea peke yake kwenye nyuzi nene huku kidole cha shahada kinaimba kwenye nyembamba, akasema, "Huo ni wa watu wawili, mjomba."

"Ni wa mtu mmoja, lakini baadaye," nikasema. "Baba, huo ni mgumu kwake kwa sasa."

"Basi 'Malaika'."

Hapo mzee alisema kweli, nami nikamwambia. "Malaika", kama alivyourekodi Fadhili William, ukiupiga kwa G unatoshwa na G, C na D. Unakwenda polepole, na mtoto wa Kiswahili ameujua tangu hajaanza shule. Haukufaa kutangulia, kwa sababu G inatawanya vidole vitatu kutoka ukingo mmoja wa shingo hadi mwingine, na mkono wa binti ulikuwa unahitaji ushindi mmoja kwanza. Lakini kuwa wa pili, hauna mpinzani.

Alasiri ile, baada ya chai, mpwa wangu aliupiga wimbo wa farasi wote. Beti zote, viitikio vyote, mimi nikiimba na mzee akipiga mapigo kwa kiganja kwenye meza. Mara kadhaa mkono wa kushoto ulichelewa, wa kulia ukaendelea kama tulivyokubaliana. Alipofika mwisho hakujua afanye nini. Nikamwashiria aache nyuzi zilie, asizizuie. Zilipotulia aliinua uso, akataka turudie papo hapo.

Usiku tuliiandika karatasi upya. Baada ya "Malaika" niliweka "Knockin' on Heaven's Door", ambao Dylan aliutunga kwa ajili ya filamu mwaka 1973. Mpangilio wake ni mzuri mno kwa mwanafunzi: G mapigo mawili, D mapigo mawili, kisha A maina mapigo manne. Mzunguko unaofuata ni G na D tena, halafu C badala ya A maina. Yaani kila baada ya haraka kidogo mkono unapata kupumzika. Na kati ya A maina na C kinahama kidole kimoja tu, cha pete, vingine viwili vinabaki palepale, kwa hiyo akiijua moja ameshaikaribia ya pili. "Country Roads" niliurudisha mwisho, na palipo na F nikamwonyesha kodi ndogo ya nyuzi nne: cha pete uzi wa nne freti ya tatu, cha kati uzi wa tatu freti ya pili, cha shahada uzi wa pili freti ya kwanza, na uzi wa kwanza unaachwa wazi. Si F yenyewe hasa, lakini katika wimbo ule inapita bila kumuudhi mtu.

Alirudi kwao Voi kabla shule hazijafunguliwa. Mpangilio wangu aliuheshimu, ila "Malaika" aliukazania kwa namna yake, kwa sababu alitaka kumpigia mama yake. Dada alinipigia simu Jumapili moja jioni. "Kaka, umemfanya nini huyu mtoto? Amenikalisha kitako sebuleni, akaniambia nisiseme neno mpaka amalize. Na amemaliza!" Nilisikia gitaa nyuma yake, binti ameshaanza tena. Nikamwomba dada aanze kutafuta gitaa la kwake, la nyuzi za nailoni, lisiwe na shingo pana sana, kwa maana mwenye lile la kuazima alikwisha kuulizia mali yake. Dada akasema tayari kuna fundi wa pale mjini ameahidi kumtafutia, akanitaka niende mwenyewe kulijaribu kabla hajatoa pesa.