Tumbo likikaza na una mapacha, usingoje kupambazuke

Wiki iliyopita dada mmoja jirani yangu hapa Nyalenda, Kisumu, aliniuliza, eti yuko na mapacha wiki ya 29 na mgongo unamuuma, unakuja unaenda, afanye nini. Nilimwambia vaa viatu, tukapanda boda saa hiyo hiyo. Kwa sababu mimi nilingoja.

Mimi ni Min Rude, yaani mama wa mapacha kwa Kijaluo, Apiyo na Odongo wangu walikuja wiki ya 31. Ilianza Ijumaa, tumbo linakaza kisha linaachilia, mgongo huku chini unavuta kama siku za mwezi, mama mkwe akasema mwenye mapacha lazima achoke, pumzika, nami nikapumzika, Jumamosi nikaenda hata soko la Kibuye kununua omena. Jumapili usiku chupa ikapasuka. Kufika leba nesi akanidunga deksamethasoni, ile sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, hupewa mara 4 kila baada ya masaa 12, na inasaidia zaidi mtoto akizaliwa baada ya siku nzima kupita. Mimi nilipata moja tu. Kufika asubuhi wote walikuwa wametoka, kilo 1.4 na 1.3, Odongo akivuta pumzi mbavu zinaingia ndani, aki sitasahau.

Na kliniki nilihudhuria jamani! Nilipimwa presha, nikapewa vidonge vya damu, lakini hakuna siku hata moja niliambiwa zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki 37. Ningejua, ile Ijumaa ningetoka. Watu watakwambia ulale kitandani mpaka ujifungue, hiyo haijaonekana kuzuia. Tumbo likikaza kukaza, ukiona maji au damu, ukisikia uzito unasukuma huko chini, enda, hata kama ni saa nane usiku. Wakikurudisha nyumbani umepoteza nauli ya boda tu.

Sisi tulikaa wiki tano na watoto kifuani, kangaruu, ngozi kwa ngozi, mimi na Apiyo, baba yao na Odongo, na joto la Kisumu mnalijua, shati halivaliki lakini wale wadogo walikuwa wanaongeza uzito.

Yule dada alipata njia imeanza kufunguka. Amedungwa zote nne, leo ni siku ya sita na wanawe bado wako tumboni.