Nilivyoamua ni mara ngapi ninakili data za kompyuta yangu

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikinakili kazi zangu kwenye diski ya nje kila mwisho wa mwezi, na nilijiona mtu makini. Siku diski kuu ya kompyuta ilipoanza kugonga-gonga na hatimaye mashine ikakataa kuwaka, nakala yangu ya mwisho ilikuwa na siku 19. Picha na barua za zamani zilikuwa salama. Zilizopotea ni sura mbili za tafsiri niliyokuwa nikiishughulikia, pamoja na orodha ya istilahi niliyoijenga neno kwa neno. Sura nilizitafsiri upya. Orodha sikuweza kuirudisha yote, kwa kuwa sababu za kuchagua neno hili na kuliacha lile zilikuwa zimekwisha kunitoka kichwani.

Nilipopata diski mpya niliapa kunakili kila kitu kila siku. Kiapo hicho kilidumu siku nne. Kunakili diski nzima kulichukua saa nyingi. Siku ya tano nikaahirisha, ya sita nikasahau. Hapo ndipo nilipojiuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo, yaani mashine ikifa saa hii, niko radhi kurudia kazi ya muda gani? Kwa tafsiri, saa moja au mbili. Kwa hesabu zangu za fedha, siku moja. Kwa picha, ambazo zikishahifadhiwa hazibadiliki, hata wiki kadhaa, mradi zisifutwe kwenye kamera kabla hazijanakiliwa.

Ili nisijidanganye, niliyapanga mafaili yote kwa tarehe ya kubadilishwa, kisha nikahesabu. Kati ya mafaili zaidi ya 40,000, yaliyoguswa katika siku saba zilizopita yalikuwa 63 tu, na karibu yote yalikaa katika folda mbili. Kumbe mzigo ulionichosha ulikuwa ni kubeba tena na tena vitu vilevile. Nikachukua programu inayonakili kile tu kilichobadilika tangu nakala iliyotangulia, nikaiagiza ishughulikie folda hizo mbili kila saa na kompyuta nzima kila usiku, bila kunisubiri mimi nikumbuke. Mara moja kwa wiki naunganisha diski ya pili, nanakili yote, naichomoa na kwenda kuiweka katika jengo jingine, kwa sababu programu hasidi inayofunga mafaili ili kudai fidia haichagui: diski iliyounganishwa na kompyuta hufungwa pia.

Nilidhani nimemaliza, kumbe nilikuwa nimejibu nusu ya swali. Siku moja niligundua kuwa safu nzima ya orodha yangu ya istilahi ilikuwa imefutika kwa bahati mbaya wiki tatu nyuma. Programu yangu, iliyokuwa ikitunza nakala za siku saba tu, ilikuwa imenakili kosa hilo kwa uaminifu mkubwa na kuzitupa nakala nzima za kabla yake. Iliyoniokoa ni karatasi niliyokuwa nimeichapa. Tangu hapo sikuweza tena kutenganisha idadi ya nakala na muda wa kuzitunza, na niliazima mpango wa Time Machine, programu ya kunakili data ya kompyuta za Apple: nakala za kila saa kwa saa 24 zilizopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, na za kila wiki kwa miezi ya nyuma zaidi, hadi diski ijae, ndipo za zamani kabisa hufutwa.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi nachagua faili moja ovyo, nairejesha kutoka kwenye nakala na kuifungua. Mara moja faili ilirudi ikiwa na jina lake kamili na ukubwa wa baiti 0, kwa kuwa ilinakiliwa ikiwa bado imefunguliwa. Tafsiri ile imekwisha sasa, na folda yake nimeitoa katika ratiba ya kila saa; ya usiku inaitosha.