Daftari la tarehe za binti yangu

Binti yangu alivunja ungo akiwa na miaka 12. Alipofikisha 15 na nusu, siku zake zilikuwa bado zinakuja zinapotaka. Sikushtuka, maana nami usichanani nilikuwa hivyohivyo. Kilichonishtua ni wembe niliokuta umefichwa ndani ya soksi yake. Nilipomuuliza, akageukia ukutani: "Mama, naota ndevu." Nikamshika kidevu, nikakitazama mwangani. Nywele tatu nyeusi na mchubuko wa wembe.

Daktari wa kwanza alimfanyisha altrasaundi, akasema ovari zina vifuko vingi, hii ni PCOS, yaani tatizo la homoni linalovuruga hedhi, na kupata watoto kutamsumbua. Tena mbele ya mtoto mwenyewe! Njia nzima ya kurudi hakutoa neno, ni machozi tu.

Wa pili, mtaalamu wa homoni, aliiweka picha pembeni, akaulizia tarehe. Hatukuwa nazo. Tukarudi nyumbani, tukakaa kitandani na daftari tukizikumbuka kwa mitihani, safari na harusi. Zikapatikana za kutosha: kutoka hedhi moja hadi nyingine, siku 52, 71, 48.

Mwaka wa kwanza baada ya kuvunja ungo, siku kuvurugika si ugonjwa. Miaka miwili inayofuata, hata mzunguko wa siku 45 bado ni wa kawaida. Ikishapita mitatu, unaozidi 35 unachunguzwa. Basi mizunguko ya binti yangu ilikuwa na kasoro kweli. Ila kwa msichana hilo peke yake halitoshi. Lazima kuwe pia na dalili za homoni za kiume kuzidi, ama mwilini, kama ndevu nyingi au chunusi kali, ama kwenye damu. Na picha? Mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa 2023 unasema isitumike kwa wasichana wa umri huu, kwa kuwa ovari za wengi wasio na ugonjwa huonekana na vifuko vingi. Kumbe yale machozi yote yalikuwa ya bure.

Akapimwa mimba kwanza (nilikunja uso, nikanyamaza), kisha testosteroni (homoni ya kiume), thairoidi (tezi ya shingoni), prolaktini (homoni ya maziwa) na homoni moja ya tezi za juu ya figo, maana yapo magonjwa yanayofanana na hili. Yote sawa. Na nywele tatu hazikufikia kiwango cha kuhesabiwa.

"Mama, siandiki PCOS," daktari akasema. "Naandika yuko kwenye hatari ya kuwa nayo. Tutamfuatilia, na kabla hajapita miaka 20 tumpime upya. Ila zikipita siku 90 bila hedhi, mlete."

Binti akauliza kwa sauti ndogo: "Na watoto?"

"Hata wenye PCOS wengi wanazaa, mwanangu."

Wembe niliutupa, nikampa kibano changu cha nyusi. Daftari analo yeye siku hizi. Juzi nimechungulia: siku 44.