Mpwa wangu na vigae vya Rufiji

Ukiishi nje unageuka mzee wa ukoo, hata kama kazi yenyewe ni kubadilisha shuka kwenye nyumba ya kulelea wazee. Majuzi dada kanipigia kutoka Tabata, salamu hazijaisha: bintiye kachagua akiolojia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. "Ongea naye, wewe anakusikiliza. Na division one yake ile, aende kufukua vyungu?" Yeye alitaka famasi. Simu akapewa mtoto. "Shikamoo mjomba." Marahaba, halafu kimya.

Bahati mbaya ya dada, mimi naishi Uppsala, Sweden. Chuo cha mji huu ndicho kilichompa Felix Chami, mwanaakiolojia wetu Mtanzania, shahada ya uzamivu mwaka 1994, kwa tasnifu juu ya pwani yetu katika miaka elfu ya kwanza baada ya Kristo. Siku ya mapumziko nikaenda maktaba kuiazima. Michoro ya vigae vya vyungu kurasa kwa kurasa: ukingo wa chungu hiki, shingo ya kile, na vipembetatu vilivyokwaruzwa udongo ukiwa bado mbichi. Mtu alikaa akavichora kimoja kimoja.

Ubishi wake umo humo. Wakubwa waliomtangulia, kama Neville Chittick aliyechimba Kilwa miaka ya 1960, walianza habari za miji ya pwani na wageni waliovuka bahari. Chami akafuata vigae, akasema waliokwaruza pembetatu hizo ni uzao wa wakulima na wafua chuma waliokuwapo hapa hapa tangu zamani.

Kisha ikaja Rufiji. Ipo Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki karne ya 1, unaotaja Rhapta, soko la mwisho la Azania, yaani pwani yetu hii ya Afrika Mashariki: pembe za ndovu, magamba ya kasa, na mashua za kushonwa kama mitepe. Ilikuwa wapi? Wasomi wamegombana miaka na miaka. Mwaka 1999 Chami akachapisha habari za shanga za Kirumi zilizotoka ardhini upande wa Kibiti, huko huko Rufiji, akaona ni ushahidi wa biashara ile ya Periplus. Kibiti hii hii! Basi la Mtwara linapita, sisi tunachungulia dirishani kutafuta korosho.

Si wote wanaomkubalia. Pango la Kuumbi, Unguja, alisema lina mifupa ya kuku wa kale mno, dalili ya biashara ya mapema na Asia. Waliokwenda kuchimba tena baadaye hawakuwaona kuku hao wa kale. Hilo nalo nilimwambia mpwa nilipompigia tena, ajue kwamba kazi hiyo ni ya kubishana maisha yote. Akacheka, akasema kwao ni Tabata, kubishana amezoea.

Dada alirudi kwenye simu na swali lake: atakula nini? Nikamwambia kuna kufundisha, kuna makumbusho, kuna Idara ya Mambo ya Kale, na miradi mikubwa inahitaji watu wa kukagua ardhi kabla ya katapila. Utajiri sikumwahidi. Lakini Chami alirudi nyumbani na shahada yake, akafundisha Mlimani mpaka akawa profesa. Mimi nilikuja huku na digrii ya biashara, na shuka nimeshazitaja.

Dada kakubali, kwa shingo upande na kwa sharti: mkopo ukikosekana, ada ni mimi.